Shuka, Taa na Nondo wa Sofu

Vipepeo wa Tanzania walipata kitabu chao mwaka 1990, kazi ya Jan Kielland. Nondo, ambao kwa idadi ya spishi wanawazidi vipepeo kwa mbali sana, hawana kitabu kimoja kinachowakusanya. Kwa hiyo mtu aliyekuja likizo kwa shangazi yake Sofu, huku Kibaha inakoelekea Kisarawe, akiwa na simu yenye kamera nzuri tu, ana nafasi ya kuandika jambo ambalo halijaandikwa na mtu. Shahada haihitajiki. Kinachohitajika ni subira, na kutoanza na jina.

Hatua ya 1: Chagua usiku

Likizo ya Desemba ndiyo bora, maana mvua za vuli zimeshachipusha majani na viwavi wamekula wakashiba. Tafuta usiku wa giza, siku ambazo mwezi haujakua au umeshafifia, wenye joto, mawingu na upepo mdogo. Mbalamwezi hushindana na taa yako, na mara nyingi hushinda. Usiku wa kumbikumbi nao uache upite. Watajaa kwenye shuka hadi usione kingine. Juni unaweza kujaribu, ila usiku wa ubaridi huleta wachache.

Hatua ya 2: Aga

Waambie majirani na mwenyekiti wa mtaa. Shuka jeupe linalong'aa kando ya kichaka saa nne usiku, na mtu ameinama mbele yake akinong'ona na simu, halihitaji maelezo marefu kugeuka habari nyingine kabisa. Ukiwaalika watoto wa jirani, kazi itakwenda haraka zaidi: macho yao huwahi kuona.

Hatua ya 3: Tundika shuka, washa taa

Funga kamba kati ya miti miwili, mikorosho au miembe inatosha, tundika shuka jeupe, na upindo wa chini uutandaze ardhini kwa sababu wengi hutua chini. Balbu nyingi za LED za nyumbani hutoa mwanga mdogo sana wa urujuanimno, na huo ndio unaowavuta nondo zaidi. Taa ndefu ya tyubu ni afadhali. Taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia inafaa pia, na ni rahisi kubeba. Usiikodolee macho tu.

Vaa mikono mirefu na viatu vya kufunika. Dawa ya mbu jipake mwilini, usipulizie karibu na shuka. Mdudu mwembamba mwenye pingili nyekundu na nyeusi akikutulia shingoni, mpulize aondoke. Ukimponda, majimaji yake yatababua ngozi. Kiwavi mwenye manyoya usimshike hata akiwa mzuri namna gani, kwa kuwa wapo wanaowasha kama upupu.

Anza saa moja usiku. Wengine hawatokei mpaka baada ya saa sita, hivyo mwenye usingizi wa mapema aamke saa kumi alfajiri akague.

Hatua ya 4: Weka chambo

Wapo nondo wasiojali sana taa lakini hawawezi kupita tunda lililochacha. Hapa Pwani ina bahati yake: msimu wa korosho huacha mabibo chini ya miti. Yaponde pamoja na ndizi zilizoiva kupita kiasi, ongeza sukari na tembo la mnazi kidogo, uache siku mbili, kisha upake kwenye shina kabla ya magharibi. Kagua kwa tochi ukinyata. Ukiona nondo mkubwa wa kahawia mwenye doa kama jicho kwenye kila bawa la mbele, huenda ni Cyligramma latona, ambaye pia hupenda kuingia nyumbani na kujibanza ukutani.

Hatua ya 5: Piga picha

Picha moja haitoshi. Piga kutoka juu, kutoka ubavuni, na ya vipapasio, ukiweka rula pembeni. Rangi za mabawa ya nyuma mara nyingi hufichwa, nazo ndizo zinazotenganisha spishi. Subiri nondo apige mabawa kabla ya kuruka. Anayehangaika mweke kwenye chupa safi, chupa iingie kwenye friji dakika chache, atatulia. Mwenye friji aarifiwe kwanza.

Usisahau wanaoruka mchana. Euchromia amoena hudhaniwa nyigu kwa rangi zake kali. Cephonodes hylas, mwenye mabawa kama kioo, huelea mbele ya ua hadi watu wakadhani ni nyuki mkubwa.

Kabla hapajapambazuka, kung'uta shuka kwenye majani mazito. Ukichelewa, kuku wa shangazi watakumalizia orodha.

Hatua ya 6: Andika

Hapa ndipo wengi hulegea, na hapa ndipo kazi yote ilipo. Jina linaweza kupatikana hata baada ya miaka kumi kutokana na picha. Tarehe na mahali, vikipotea, havirudi. Andika tarehe, saa, mahali kwa vipimo vya GPS vya simu, hali ya hewa, aina ya taa au chambo, na mimea iliyo karibu. Andika hata wale wa kawaida. Kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, aliyeingia Afrika mwaka 2016 na kushambulia mahindi, mzazi wake ni nondo mdogo wa kijivu asiyevutia hata kidogo.

Hatua ya 7: Tafuta jina

Anza na familia. Mwenye mwili mnene, mabawa membamba na mruko wa kasi ni wa Sphingidae. Mkubwa, mwenye vipapasio kama unyoya na mara nyingi madoa ya macho, ni wa Saturniidae; huyu akishakuwa nondo hali kitu na huishi siku chache tu. Anayejibandika bapa ukutani, mabawa ameyatandaza, mara nyingi ni wa Geometridae.

Kisha pakia picha kwenye programu ya iNaturalist, na jina utakalopewa lilinganishe na kanzidata ya AfroMoths kuona kama spishi hiyo imerekodiwa Afrika Mashariki. Programu hupendekeza kwa wepesi spishi za Afrika Kusini, kwa kuwa picha za huko ni nyingi. Wapo pia nondo wasiotofautishwa bila darubini. Ishia kwenye jenasi bila aibu.

Picha zinatosha. Kukusanya vielelezo vya utafiti kunahitaji vibali vya Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori (TAWIRI), na ukitaka kwenda msitu wa hifadhi wa Pugu-Kazimzumbwi, zungumza kwanza na Wakala wa Huduma za Misitu (TFS).

Mwenye mpapai uani aanze nao: utafiti uliofanyika Kenya umeonyesha kwamba nondo wa Sphingidae huchavusha mipapai, na hustawi palipo na vichaka karibu. Vichaka vya Sofu vinageuka viwanja. Kama una kiwanja ambacho hakijafyekwa, tundika shuka hapo kabla hujaita greda.