Sosi ya tui kwa kamba na samaki, bila tui kukatika

Kamba na tui wakipikwa sufuria moja tangu mwanzo, lazima mmoja aumie. Kamba wa wastani huiva kwa dakika 3 tu, ilhali tui huhitaji muda zaidi ili lishike uzito. Ukilisubiri tui, kamba anakuwa mpira. Ukimwahi kamba, mchuzi unabaki maji. Wapishi wa samaki wa kupaka, kuanzia Lamu hadi Unguja, hawana shida hiyo. Samaki yuko kwenye makaa, tui liko kwenye sufuria yake, na wawili hao hukutana mwishoni. Tufuate njia hiyohiyo, ila kwa haraka. Tui likishakamuliwa, dakika 20 zinatosha kwa chakula cha watu 4.

Chukua nazi moja kubwa iliyokomaa, uikune, uimiminie kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, uifinyange vizuri kisha ukamue. Hilo ni tui zito. Liweke kando na lisikaribie moto kwanza. Machicha yatie kikombe kingine cha maji, ukamue tena upate tui jepesi. Asiye na mbuzi asage vipande vya nazi kwenye blenda. Aliye mbali na minazi atumie kopo la mililita 400: ulilaze friji bila kulitikisa, na asubuhi utakuta zito limekaa juu na jepesi chini. Makopo yenye kiungio kinachoandikwa E412 hayatengani vizuri, lakini nayo yana faida yake, kwani tui lake ni gumu kukatika.

Nusu kilo ya kamba ukishawamenya, usitupe vichwa wala maganda. Hapo ndipo ladha ilipo, na ndipo wengi wanapopoteza nusu ya fedha waliyoiacha sokoni. Pasha vijiko viwili vya mafuta, uyakaange maganda kwa moto mkali mpaka yawe mekundu na jiko zima linukie bahari. Mimina tui jepesi, ponda vichwa kwa mwiko ili vitoe ule ute wao wa rangi ya machungwa, acha lichemke dakika 5, kisha chuja ukikandamiza. Kama unapika samaki au ngisi, hatua hii iruke.

Sasa kaanga kitunguu maji kimoja kidogo kilichokatwakatwa. Kilainike tu, kisigeuke kahawia, kwa sababu kikiungua kitaitia sosi uchungu na rangi ya tope. Tia vitu ulivyovitwanga pamoja: punje 3 za kitunguu thomu, kipande cha tangawizi na pilipili mbichi moja. Nusu kijiko cha chai cha manjano kinatosha. Kikizidi utakula manjano badala ya nazi. Geuza kidogo, mimina lile tui jepesi, ongeza moto, uliache lipungue mpaka libaki nusu. Maji yapunguzwe hapa, kabla tui zito halijaingia.

Tui zito likiingia, moto ushuke kabisa. Tui ni mafuta yaliyotawanyika majini kwa vitone vidogovidogo, na kinachosaidia kuvizuia visiungane ni protini ya nazi yenyewe. Joto likifika nyuzi 80 hivi, protini hiyo huanza kuganda na kuyaachia mafuta. Kwa hiyo koroga bila kuacha, sufuria ikiwa wazi, ukiangalia kingoni. Mvuke ukipanda na vipovu vidogo vikitokeza pembeni, uko mahali pake. Katikati kukianza kutokota, nyanyua sufuria. Baada ya dakika 4 au 5 chovya mwiko, upitishe kidole mgongoni mwake. Mstari ukibaki bila kuzibika, sosi imekuwa tayari.

Ukiona vijidoa vya mafuta vinaelea na chini kuna chengachenga, tui limekatika. Ladha haijaharibika. Epua, tia vijiko viwili vya tui baridi na upige kwa nguvu, au lizungushe kwenye blenda kwa nusu dakika likishapoa kiasi. Kuna michuzi ambayo mafuta kuelea juu ndiyo dalili ya kuiva, nami sina ugomvi nayo. Sosi ya kumwagia kamba si mojawapo.

Wenye haraka zaidi huongeza unga wa ngano. Mimi siupendi, kwa sababu huacha ladha ya uji. Ukilazimika, koroga nusu kijiko cha chai cha unga wa mchele kwenye maji baridi, ukitie katika tui jepesi linapochemka.

Uchachu uje mwisho, sufuria ikiwa imeshaepuliwa, kwa maana ndimu nayo hukata tui kama moto unavyolikata. Anza na kijiko kimoja cha maji ya ndimu, koroga, onja, kisha ongeza. Ukwaju mzito uliochujwa unafaa vilevile, na wenye mbirimbi wazipike mapema pamoja na tui jepesi. Chumvi nayo isubiri. Kamba na kaa huja na chumvi yao, na mchuzi wa maganda huwa umeshaibeba.

Kamba wapanguse wakauke, uwatupe kwenye kikaango cha moto sana, dakika moja na nusu kila upande. Ngisi waliokatwa pete wasipite dakika 2. Pweza awe ameshachemshwa akalainika, kisha umpitishe kikaangoni apate rangi. Changu mzima mchanje mbavuni, umchome, na anapokaribia kuiva umpake sosi kila upande ili ishike na kuungua kidogo. Iliyobaki ummwagie mezani. Kama ulimloweka katika ndimu, mfute kwanza.

Nyunyizia kotimiri, au dania kama uko Kenya. Wengine huandaa na wali wa nazi. Kwangu hiyo ni nazi juu ya nazi. Wali mweupe au mkate wa ufuta huifyonza sosi vizuri zaidi, ingawa najua wapo watakaobisha.

Tui halivumilii joto la pwani, hivyo sosi ikibaki isilale mezani. Iweke friji siku hiyohiyo, bila kamba ndani. Itaganda, maana mafuta ya nazi huwa magumu chini ya nyuzi 24 hivi. Kesho yake itie kijiko cha maji na uirudishe kwenye moto mdogo ukikoroga, huku ukikaanga kamba wengine.