Panga chumba chako upate usingizi mwema

Miongoni mwa malalamiko ambayo daktari wa mjini huyasikia mara kwa mara ni hili: "Daktari, nalala, lakini naamka nimechoka kuliko nilivyolala." Anayesema hivyo aghalabu huomba dawa ya usingizi. Kabla ya kumwandikia dawa yoyote, mimi humuuliza kwanza chumba anacholala kikoje. Wengi hulishangaa swali hilo. Hata hivyo, chumba kinaweza kukunyima usingizi usiku kucha hata ikiwa mwili wako hauna maradhi yoyote.

Mtu mzima anahitaji kulala kwa muda usiopungua saa 7 kila usiku. Watoto wa kati ya miaka 6 na 12 wanahitaji muda wa saa 9 hadi 12, nao vijana wa miaka 13 hadi 18 muda wa saa 8 hadi 10. Anayekosa usingizi wa kutosha kwa muda mrefu yumo katika hatari zaidi ya kupatwa na shinikizo la damu, kisukari na unene wa kupita kiasi. Isitoshe, dereva anayesinzia ni hatari barabarani sawa na aliyelewa.

Leo basi tutatazama jinsi ya kukipanga chumba ili usingizi uje wenyewe. Usidhani makala haya ni ya wenye majumba makubwa. Mengi nitakayoyaeleza yanaweza kufanywa katika chumba kimoja cha kupanga, kwa gharama ndogo au bila gharama yoyote.

GIZA

Ndani ya ubongo kuna saa inayoongozwa na mwangaza. Giza linapoingia, tezi moja ndogo hutoa homoni iitwayo melatonini, ambayo huuarifu mwili kwamba usiku umefika. Mwangaza ukipenya machoni, homoni hiyo hupungua. Mnamo mwaka 2017, Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kugundua namna saa ya mwili inavyoendeshwa ndani ya chembechembe.

Mijini giza ni adimu. Kuna taa za barabarani na taa za ulinzi za ploti jirani. Tafuta pazia zito lenye rangi ya kukolea, na liwe pana kuliko dirisha ili mwangaza usipenye pembeni. Ikiwa huna uwezo wa kununua jipya, shonea kitambaa cheusi nyuma ya lile jepesi ulilo nalo. Kama kuna mtoto anayeogopa giza, weka taa hafifu yenye rangi ya manjano karibu na sakafu, mbali na kitanda.

Simu na televisheni nazo ni taa. Zaidi ya mwangaza wake, habari na mabishano yaliyomo huiamsha akili. Zizime muda wa saa moja kabla ya kulala, na simu uiweke upande wa pili wa chumba. Ikiwa unaitegemea kukuamsha, nunua saa ndogo ya kengele.

KELELE

Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza kwamba kelele ndani ya chumba cha kulala zisizidi desibeli 30, kiasi cha mnong'ono. Anayepakana na baa au kituo cha matatu hawezi kupata utulivu kama huo, lakini anaweza kuukaribia.

Kitanda kisikae chini ya dirisha linaloelekea barabarani, wala kisiegemee ukuta ambao televisheni ya jirani iko upande wake wa pili. Mahali hapo weka kabati la nguo, kwa sababu nguo hufyonza sauti. Ziba nafasi iliyo chini ya mlango kwa kitambaa kilichokunjwa. Mlio wa feni pia husaidia, maana haubadiliki na hufunika kelele za ghafla ambazo ndizo hasa humwamsha mtu. Kadhalika, kumbuka kwamba tangu mwaka 2009 Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele. Unaweza kulalamika kwa mamlaka ya mazingira, NEMA, au kwa serikali ya kaunti.

HEWA NA JOTO

Mtu anapokaribia kulala, joto la mwili wake hushuka kidogo. Chumba chenye joto jingi huuzuia mwili kupoa. Kiasi cha nyuzi 18 hufaa watu wengi. Mkazi wa Mombasa au Kisumu hawezi kufikia kiwango hicho, lakini anaweza kukiweka kitanda mahali upepo wa dirishani unapopita, atumie shuka za pamba na alale ndani ya chandarua chenye dawa, kilichochomekwa vizuri chini ya godoro. Wavu wa waya dirishani utamwezesha kuliacha wazi bila kukaribisha mbu.

Nairobi na nyanda za juu tatizo ni baridi, hasa mwezi wa Julai. Hapa nakuomba, msomaji, usome kwa makini. Kuna watu ambao hupika kwa jiko la makaa, kisha huliingiza chumbani, wakafunga mlango na madirisha ili walale kwa joto. Baadhi yao hawaamki.

Makaa yanayowaka hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu wala haiwashi macho. Ikivutwa hujishikiza kwenye hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mwili hukosa oksijeni ilhali mtu anapumua. Makaa mekundu yasiyotoa moshi tena bado yanaitoa gesi hiyo. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemewa. Jenereta nayo isiwashwe ndani ya nyumba hata kidogo.

Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Aliye usingizini huenda asizihisi kabisa. Ikiwa watu kadhaa wa nyumba moja wanaumwa na kichwa kwa pamoja na wanapata nafuu wakitoka nje, shuku gesi hiyo. Fungua milango, toeni wote nje, kisha mwende hospitalini haraka mkapewe oksijeni. Badala ya jiko, tumia blanketi la ziada, soksi, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vyema na kuviringishwa kwa taulo.

KITANDA

Godoro lililobonyea katikati huupinda uti wa mgongo, nawe utaamka ukiumwa na kiuno. Liwe gumu kiasi cha kukubeba bila kuzama. Anayelala ubavu anahitaji mto unaojaza nafasi kati ya sikio na bega. Fua shuka kila wiki na uanike godoro juani mara kwa mara, hasa kama nyumbani kuna mwenye pumu. Kagua mishono ya godoro na nyufa za kitanda ili kuhakikisha hakuna kunguni.

La mwisho ni matumizi ya kitanda chenyewe. Anayekula, kufanya hesabu za biashara na kutazama filamu kitandani huuzoesha ubongo kwamba hapo ni mahali pa kukaa macho. Katika chumba kimoja, gawa nafasi kwa pazia: upande mmoja kitanda, upande mwingine meza na viti. Ukikaa kitandani kiasi cha dakika 20 bila kusinzia, ondoka, keti upande wa pili penye taa hafifu, urudi usingizi ukija. Na uamke saa ile ile kila siku, hata Jumapili.

MUONE DAKTARI LINI?

Ikiwa umeyafanya haya yote na bado unakosa usingizi angalau usiku 3 kila wiki kwa muda wa miezi 3, muone daktari. Hali kadhalika, muone upesi ikiwa mwenzako anakuambia unakoroma kwa nguvu kisha pumzi inakatika na unashtuka ukitweta. Hilo ni tatizo la kupumua, na pazia haliwezi kulitibu. Usinunue dawa za usingizi bila kuandikiwa na daktari, kwani baadhi yake huleta mazoea ambayo ni vigumu kuyaacha.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Usiku wa leo, kabla ya kuzima taa, tazama chumba chako na urekebishe jambo moja. Kama kuna jiko ndani, anza na hilo: litoe nje.