Tigo Pesa Sasa ni Mixx by Yas: Jina Limebadilika, Akaunti ni Ileile

Mwezi Novemba 2024 kampuni ya simu iliyojulikana kwa jina la Tigo ilianza kuitwa Yas, na huduma yake ya fedha, Tigo Pesa, ikapewa jina la Mixx by Yas, ambalo hutamkwa "Miksi bai Yas". Kwa mkazi anayepokea malipo ya mazao, anayelipia leseni ya biashara au anayeweka akiba ya ada ya shule kwa simu, badiliko hilo huzaa swali moja: je, fedha zilizokuwa Tigo Pesa ziko wapi?

Fedha hizo ziko palepale. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 inaitaka kampuni inayotoa huduma hii kuweka fedha za wateja benki, katika akaunti ya amana iliyotengwa na fedha za kampuni yenyewe. Salio lionekanalo kwenye simu ni hesabu ya haki ya mteja katika amana hiyo, na kubadilika kwa jina la huduma hakuondoi haki hiyo.

Sababu ya mabadiliko

Mwaka 2022 wawekezaji wakiongozwa na Axian waliinunua Tigo kutoka kampuni ya Millicom. Baadaye kundi la Axian liliamua kutumia jina moja, Yas, katika nchi kadhaa, zikiwamo Madagaska, Komoro, Togo na Senegali. Jambo kama hili si geni nchini: Celtel iliitwa Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010, na wateja waliendelea na namba zao.

Yasiyobadilika

Namba ya simu ni ileile, namba ya siri ni ileile, na usajili wa laini kwa alama za vidole unaendelea kutambulika. Menyu hufunguliwa kwa *150*01# kama awali. Wakala ambaye kibanda chake bado kina bango la zamani anaweza kuendelea kumhudumia mteja; la muhimu ni kusoma jina linaloonekana kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri.

Malipo ya Serikali pia hayategemei jina la mtandao. Mlipaji hupewa na taasisi husika kumbukumbu namba ya malipo, ambayo wengi huiita "kontro namba", kisha huiingiza katika menyu ya malipo ya Serikali. Kumbukumbu namba iliyotolewa kwa deni fulani hulipa deni hilo, mlipaji awe anatumia mtandao huu au mwingine.

Mlango wa matapeli

Hatari iko kwa yule asiyejua kuwa hakuna anachotakiwa kufanya. Tapeli humpigia mtu simu, akajitambulisha kuwa mhudumu wa kampuni, kisha akadai kwamba akaunti ya zamani itafungwa iwapo fedha "hazitahamishiwa" kwenye jina jipya. Hapo huomba namba ya siri, au humwelekeza mwenye simu kubonyeza tarakimu ambazo kwa hakika ni hatua za kutuma fedha. Kwa kuwa mabadiliko yalifanyika ndani ya mifumo ya kampuni, ombi la namna hiyo ni la uongo, hata kama anayepiga anamtaja mteja kwa majina yake yote matatu.

Mkazi akipata simu au ujumbe wa aina hiyo, achukue hatua hizi:

1. Akate simu bila kutoa namba ya siri.
2. Autume ujumbe huo kwenda 15040, kisha afuate maelekezo atakayopokea ili kutaja namba ya tapeli.
3. Ikiwa fedha zimekwisha kutumwa, apige 100 mara moja kuijulisha kampuni, kisha atoe taarifa kituo cha polisi.
4. Apige *106# kukagua laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha Taifa.

Anayetumia programu ya simu janja aipakue kutoka Play Store au App Store pekee, si kupitia kiungo alichotumiwa na mtu. Mzee asiyesoma vema maandishi ya simu asaidiwe na ndugu anayemwamini, huku namba ya siri akiibonyeza mwenyewe.