Rangi ya Unyoya Ndani ya Vanishi

Katika kijiji cha Msimbati, kilichoko pwani, kusini-mashariki ya mji wa Mtwara na karibu na mlango wa Mto Ruvuma, mvuvi hutegemea mshipi, nyavu na dema. Ufito wenye gurudumu la kukunjia uzi ni chombo cha mvuvi wa burudani. Mafundi wanaotengeneza fito za namna hiyo kwa kuagizwa hupenda kuzipamba juu ya mpini kwa manyoya ya ndege, yanayogandishwa kuuzunguka ufito na kufunikwa kwa vanishi. Kazi hiyo yaonekana nyepesi, lakini huweza kumpa fundi hasara asiyoitazamia, kwani unyoya uliopendeza mkononi huweza kupoteza rangi yake mara unapolowa.

Unyoya umeumbwa kwa keratini, protini ya jamii ile ile ifanyayo kucha na pembe. Keratini tupu haina weupe. Weupe wa unyoya hutokana na vitundu vingi vidogo vya hewa vilivyo ndani na baina ya nyuzi zake. Nuru ipitapo toka hewani kuingia katika keratini hupinda na kutawanyika kila upande, na jicho likaona weupe. Kipimo cha kupinda kwa nuru katika hewa ni 1.0, katika maji ni 1.33, katika vanishi ni kama 1.5, na katika keratini ni kama 1.55. Vanishi ikishaifukuza hewa, nuru haioni tena tofauti kubwa ya kuitawanya, nayo hupita moja kwa moja. Msomaji ameliona jambo hili katika karatasi iliyofungiwa mandazi: palipoingia mafuta hupenyeza nuru.

Tuchukue manyoya ya kanga, yule ndege ambaye vazi mashuhuri la pwani husemekana limepata jina kwake. Sehemu nyeusi ya unyoya wake ina chembe za melanini, ambazo hunyonya nuru na hazijali kama zimezungukwa na hewa au vanishi. Madoa meupe hayana melanini. Kwa hiyo unyoya wa kanga ukigandishwa juu ya ufito mweusi, madoa hufifia kadiri vanishi inavyopenya, na fundi hubaki na utepe wa giza. Ufito ukipakwa kwanza rangi nyeupe, weupe wa chini huonekana kupitia madoa yale yale, na pambo husimama.

Melanini ina faida nyingine. Huuimarisha unyoya dhidi ya msuguano na jua, na pengine ndiyo sababu ncha za mbawa za shakwe wengi ni nyeusi. Manjano ya mnana, kinyume chake, ni karotenoidi anayoipata ndege katika chakula, nayo huchujuka juani. Ajabu zaidi ni wekundu wa mbawa za shorobo, ambao una madini ya shaba; mkemia Church wa Uingereza aliueleza mwaka 1869. Rangi hiyo huyeyuka katika maji yenye magadi, hata kidogo.

Buluu ya mdiria haitokani na rangi yoyote ya buluu. Hutokana na mpangilio wa vitundu vya hewa ndani ya nyuzi za unyoya, vilivyo vidogo kiasi cha kurudisha buluu zaidi kuliko nyekundu. Ukiusaga unyoya huo, buluu hutoweka. Vanishi ikipenya kupitia nyuzi zilizokatwa au kupasuka, buluu hufifia pia. Basi anayemuua mdiria kwa ajili ya ufito huweza kumkosa ndege na rangi kwa pamoja. Kuwinda ndege wa porini bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na Msimbati yenyewe imo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Kanga wa kufugwa na jogoo wa uani hutoa manyoya yao bure wanapopukutisha.

Mng'ao wa kijani wa mkia wa jogoo nao hutokana na matabaka membamba ya keratini na melanini, hivyo huweza kubadilika ndani ya vanishi. Hapa afadhali kujaribu kuliko kubahatisha. Kata kipande cha unyoya, kilaze juu ya ubao uliopakwa rangi ya ufito, kisha kidondoshee mafuta ya nazi. Kipimo chake cha kupinda nuru ni kama 1.45, karibu zaidi na vanishi kuliko maji. Rangi utakayoiona baada ya kulowa vizuri ndiyo, kwa kadiri, utakayoipata katika kazi. Kipande hicho kitupwe, maana vanishi haishiki penye mafuta.

Manyoya ya kazi yenyewe huoshwa kwa sabuni laini, yakasuuzwa na kukaushwa kivulini. Uti wa unyoya ni mnene mno kulala juu ya ufito, kwa hiyo nyuzi huchanwa kutoka kwenye uti kwa wembe zikiwa zimeshikamana. Vanishi ipakwe nyembamba, tabaka baada ya tabaka, kila moja ikiachwa ikauke kabla ya nyingine.