Ukiletewa kijana umfundishe Tingatinga

Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968, na mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi hapa Dar es Salaam, walipomdhania mwizi. Miaka minne tu. Ndani ya miaka hiyo aliketi na vijana wachache, wengi wao jamaa zake na watu wa kwao kusini: January Linda, Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, na ndugu yake Simon Mpata, ambaye baadaye alihamia Nairobi. Hao ndio waliolinda uchoraji huu uliobeba jina lake usizikwe naye, hata mwaka 1990 mafundi wakawa na chama chao cha ushirika pale Morogoro Stores, Oysterbay. Kutoka kwetu Kawe si mbali. Basi wewe fundi unayeletewa mtoto wa dada yako aliyemaliza kidato cha nne, usimrudishe kwa kisingizio cha muda. Panga tu kipi kitangulie.

Kitangulie kibao. Hadibodi ya futi 4 kwa 8 inatoa vipande 8 vya futi 2 kwa 2, na kipimo hicho kinamtosha anayeanza. Apime na kukata mwenyewe, apige msasa kingo, kisha apake rangi ya chini mara mbili. Usimruhusu kuanza kuchora mnyama mpaka rangi hiyo ya chini itulie, isiwe na michirizi ya brashi wala vumbi. Rangi zetu ni za mafuta, zile za kopo zilizokuwa zikipakwa baiskeli. Zinang'aa, na kwa kung'aa huko hazifichi kosa lolote.

Mfundishe kuzimua kwa jicho. Tia tapentaini kidogo, koroga, chovya kijiti, kisha kiinue. Rangi ikining'inia uzi mrefu usiokatika, bado nzito. Ikichuruzika yote na kukiacha kijiti kikionekana, umezidisha. Acha aharibu robo kopo katika kujifunza hili, na usimgombeze. Halafu mfundishe kusubiri: kila rangi ilale usiku mzima kabla ya kuwekewa nyingine, na wakati wa masika ngoja zaidi. Kibao kibichi kiegemezwe kikitazama ukuta bila kuugusa, maana vumbi la mitaa yetu likinasa kwenye rangi halitoki.

Baada ya hapo ndipo umbo. Mnyama mzima ajazwe kwa rangi moja kwanza, akauke, ndipo ije mistari na vitone. Hapa kaa karibu naye kabisa. Kidole chake kidogo kiegemee sehemu iliyokauka ili kiganja kisipake uchafu. Brashi ichovywe ncha tu, ishuke wima, iguse, ipande wima. Akiilaza, kitone kinapata mkia. Baada ya vitone vichache aifute ncha kwa kitambaa, la sivyo rangi hujikusanya na kitone kinachofuata kinakuwa kikubwa kuliko wenzake. Ukiona vitone vya mgongoni vinalingana na vya tumboni, huyo kijana ameiva.

Mwanzoni anakili kazi yako, hakuna njia nyingine. Lakini mnyama mmoja akishamweza, geuza kibao chako ukutani na umwambie amchore tena bila kukiona. Nalisisitiza hili kwa sababu nimechoka kuona katika maduka ya Mwenge twiga yuleyule na Kilimanjaro uleule, kazi za watu kumi zisizotofautishika. Mtume ufukweni asubuhi akamtazame kunguru anavyogombea samaki, au akamwangalie mbuzi wa jirani anavyoruka mtaro. Asipige picha kwa simu. Arudi akueleze kwa mdomo alichokiona, kisha achore alichokikumbuka. Shingo itarefuka na jicho litakuwa kubwa kupita kiasi, na hapo usimsahihishe: umbo la namna hiyo ndilo linaloipa Tingatinga uhai.

Bado jina na fedha. Picha za kughushi zenye saini ya Tingatinga zimesumbua wanunuzi kwa miaka mingi, na tabia hiyo huanza kidogo kidogo, pale mwalimu anapotia saini yake kwenye kazi ya mwanafunzi ili iuzike haraka. Usifanye hivyo. Kazi aliyoichora mwenyewe tangu rangi ya chini hadi kitone cha mwisho aandike jina lake, nawe uipige picha na kuitunza picha hiyo pamoja na tarehe. Ile mliyoshirikiana, mpe fungu lake siku hiyohiyo mteja anapolipa.

Fungu hilo mlikubaliane kabla hajashika brashi, na mama yake awepo mkikubaliana.