PIKAPU INAPOCHEZA NYUMA: TUTAFUTE CHANZO KABLA YA KUNUNUA SPEA



Vikundi vingi vina pikapu, au hukodi moja, na nyuma yake hufunga trela la kubebea mahindi, mawe au tangi la maji. Katika somo hili tutaangalia shida moja ambayo madereva wanaijua sana: gari likivuta trela, sehemu ya nyuma inaanza kuyumba kushoto na kulia kama mtu aliyelewa.

Tuanze na yaliyotupata sisi wenyewe. Dereva wa kikundi kimoja cha akina mama tunachofanya nacho kazi alitueleza mapema. Alisema, "Mama Mwenyekiti, hii gari inacheza nyuma. Nikifika kwa mteremko naogopa." Tulimjibu kwamba ni upepo tu, tena mahindi yalikuwa yanangojewa sokoni. Baada ya wiki mbili, kwenye mteremko, trela lilianza kulivuta gari huku na huku mpaka likachukua barabara nzima. Akina mama wanne walikuwa wamekaa juu ya magunia. Ni bahati tu hakukuwa na gari lingine lililokuwa linapanda.

Tulikwenda gereji. Fundi, bila hata kulala chini ya gari, akasema ni shokomzoba. Tukatoa pesa za akiba ya kikundi tukanunua mpya mbili. Safari iliyofuata gari lilicheza vile vile! Hapo ndipo tuliposhtuka, tukaamua kutafuta chanzo kwa utaratibu.

1. KWA NINI GARI LINACHEZA?

Aliyewahi kusukuma mkokoteni atatuelewa haraka. Ukipakia mzigo wote nyuma ya ekseli, mikono ya mkokoteni inainuka na wewe unaning'inia. Trela ni hivyo hivyo. Mzigo ukikaa nyuma, pua ya trela inainua mkia wa pikapu, na tairi za nyuma zinapoteza nguvu ya kushika barabara. Trela likisukumwa kidogo na upepo au shimo, linaanza kubembea, na kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo kubembea kunavyokuwa kukubwa.

Lakini mzigo si sababu pekee. Kitu chochote kilicholegea kati ya barabara na bodi ya gari kinaweza kuleta shida hiyo: tairi zenye upepo mdogo, bolti za springi, bushi zilizokwisha, beringi, au kiungo cha trela.

2. JARIBIO LA SAFARI NNE

Hili halihitaji pesa nyingi, ila mafuta kidogo na subira. Chagua barabara iliyonyooka isiyo na magari mengi. Asipande mtu yeyote isipokuwa dereva. Anza na kilomita 30 kwa saa, na usipite 50. Likianza kucheza, simamisha jaribio.

(a) Pikapu tupu, bila trela.
(b) Pikapu yenye mzigo, bila trela.
(c) Pikapu na trela tupu.
(d) Pikapu na trela lenye mzigo.

Ikicheza kwa (a) au (b), ugonjwa uko kwenye pikapu yenyewe. Ikianza kwa (c), angalia trela na kiungo chake. Ikicheza kwa (d) peke yake, shuku kwanza jinsi mlivyopakia, au mzigo umezidi. Kumbuka pia kwamba magonjwa yanaweza kuwa mawili kwa wakati mmoja.

3. TUKAGUE NINI?

Tuanze na yasiyo na gharama.

Tairi. Pima upepo asubuhi kabla ya safari, tairi zikiwa baridi. Kiasi kinachofaa kimeandikwa kwenye kitabu cha gari, na mara nyingi kwenye kibandiko cha mlangoni. Tairi za nyuma kwa kawaida huhitaji upepo zaidi gari likibeba. Zile namba zilizo ubavuni mwa tairi ni kiwango cha juu kabisa cha tairi hiyo, si kipimo cha gari lako. Angalia pia nyufa na uvimbe, na usisahau tairi za trela.

Mzigo. Uzito unaokaa kwenye kiungo uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa trela na mzigo wake. Kwa mfano, trela la kilo 300 likibeba magunia 10 ya kilo 90 ni kilo 1,200. Basi kiungo kibebe kilo 120 hadi 180. Ukiwa na mizani ya kununulia mahindi yenye uwezo huo, itundike kwenye boriti imara. Zuia magurudumu ya trela kwa mawe, kisha ning'iniza pua yake ikiwa sawa na kimo cha kiungo. Weka gogo chini yake, na mtu asiweke mguu hapo. Uzito huo ni sehemu ya mzigo wa pikapu, kwa hiyo uhesabu. Tangi la maji lijae kabisa au liwe tupu. Lita 1,000 ni tani moja, na tangi la nusu hupiga mawimbi ndani.

Kiungo. Shika pua ya trela uitikise. Ikigongagonga, kiungo kimelika au nati zimelegea.

Chini ya gari. Injini izimwe, magurudumu yazuiwe. Mtu mmoja asukume bodi ubavuni, mwingine aangalie springi akiwa pembeni. Bodi ikienda huku na huku ilhali ekseli imetulia, angalia bushi, yaani zile raba kwenye matundu ya springi. Kagua yubolti, zile bolti zilizopindwa kama herufi U zinazofunga ekseli kwenye springi. Ukiona vumbi la kutu au chuma kinachong'aa hapo, kuna kitu kinasuguana. Kisha pima kutoka tundu la mbele la springi hadi katikati ya ekseli, kulia na kushoto. Vipimo vikitofautiana, huenda ekseli imesogea.

Shokomzoba. Bonyeza kona ya gari kwa nguvu uachilie. Ikiendelea kurukaruka, zimechoka. Lakini kazi yao kubwa ni kutuliza kurukaruka juu na chini. Tusizilaumu kwa kila jambo.

4. LIKIANZA KUCHEZA BARABARANI

Dereva asikanyage breki kwa ghafula, wala asiongeze mwendo akidhani atalinyoosha. Asipigane na usukani. Aushike imara, ukiwa umenyooka, aachilie mafuta polepole mpaka gari lipunguze mwendo lenyewe. Kisha atoke nje ya barabara, apange mzigo upya. Kwenye mteremko, aingie gia nzito kabla ya kuanza kushuka. Na watu wasipande juu ya trela, hata kama soko ni karibu.

5. SISI TULIPATA NINI?

Pikapu yetu ilicheza tangu safari (b). Yubolti za upande wa kushoto zilikuwa zimelegea. Fundi mwingine alizikaza kwa kipimo kilichotakiwa. Tulipofika (d) bado ilicheza kidogo. Tukagundua magunia yalikuwa yakirundikwa nyuma ili iwe rahisi kuyashusha. Tulipoyasogeza mbele, gari lilitulia. Zile pesa za akiba hazikurudi.

Lakini tunachojutia zaidi ni zile wiki mbili. Dereva ndiye wa kwanza kuhisi ugonjwa wa gari, kwa mikono na kwa kiti alichokalia. Tulimnyamazisha kwa sababu hatukutaka kuchelewa. Siku hizi akisema gari haliendi, haliendi mpaka likaguliwe, na hakatwi mshahara kwa siku hiyo.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika kikundi chetu, dereva akisema gari ni baya, nani anaamua liende au lisiende?
2. Ni nani hupakia trela letu, na amefundishwa?
3. Mara ya mwisho tuliponunua spea, tulijuaje ndiyo iliyoharibika?
4. Wiki hii tutakagua nini, na nani atalala chini ya gari?