Miti ya Kuzuia Vumbi Kando ya Shamba la Mjini

Mkulima wa Dodoma unayelima mboga karibu na barabara, bila shaka umeona jinsi mchicha unavyogeuka rangi wakati wa kiangazi. Vumbi hilo lililo juu ya majani ndilo linaloingia pia vifuani mwa watoto wako na jirani zako. Ua wa miti utakusaidia. Lakini kabla hujapanda, pima faida na gharama zake.

FAIDA. Majani ya miti hunasa vumbi, kisha mvua huliosha likaanguka chini. Ua hupunguza pia nguvu za upepo, na maji ya matuta hayakauki upesi. Lakini usidanganyike: miti haimalizi moshi wa magari wala wa takataka. Dawa ya moshi ni kuuzuia unakotoka. Kwa hiyo usichome majani makavu. Yafukie yawe mboji.

MTI WA KUPANDA. Dodoma mvua hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili, na vumbi huzidi baada ya hapo. Mti unaopukutisha majani kiangazi haukufai. Mwarobaini huvumilia ukame, na huwa na majani karibu mwaka mzima. Usikate matawi ya chini, maana vumbi litapita chini ya mti wenye shina tupu.

GHARAMA. Kwanza ni maji. Ua wa futi 120, ukipanda kila futi 6, unataka miche 20 hivi. Ukiupa kila mche nusu debe mara mbili kwa wiki, hayo ni madebe 20. Katika kiangazi cha wiki 30 ni madebe 600. Kama unanunua maji, piga hesabu kwanza.

Pili ni nafasi. Mizizi hunyang'anya mboga maji na chakula. Acha futi 10 kati ya miti na tuta la kwanza, na chimba mfereji wa kina cha futi 2 ili kukata mizizi.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Panda mvua zinapoanza, ndani ya mpaka wako, si katika hifadhi ya barabara wala chini ya nyaya za umeme.

2. Kama maji ni haba, panda miche 10 mfululizo mbele ya mboga. Usiache mapengo, kwani upepo hupita hapo kwa nguvu. Miche 10 iliyotunzwa ni bora kuliko 20 iliyokauka.

3. Katika kichochoro chenye majengo pande zote mbili, usipande miti inayofunika juu. Moshi wa magari utanaswa chini yake.

4. Hata ukiwa na ua, osha mboga kwa maji safi kabla ya kuzipeleka sokoni.

Ukiwa na shaka, mwone Bwana Shamba wako kabla ya kununua miche.